Kitalu Namba Saba: Kutoka Mizani ya Pamba hadi Lahajedwali

Leo tunaenda Kasoli, wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu. Kama hujawahi kufika, jua tu kwamba ni nchi ya pamba. Mbegu zinaingia ardhini mvua za mwisho wa mwaka zikikolea, na kuanzia Mei au Juni utaona marobota, magunia, mikokoteni ya ng'ombe na watu wamesimama kwenye mizani wakisubiri kuitwa. Mimi nimekulia kwenye foleni hiyo. Na ni huko huko nilikojifunza, kwa aibu kubwa, kwamba nilikuwa sijui kutumia Excel.

Najua unachofikiria. Excel? Kila mtu anajua Excel. Unaandika namba, unabonyeza, jumla inatoka. Hata mimi nilijisemea hivyo hivyo. Subiri kidogo.

Kwa ajili ya utafiti wangu nilipima vitalu 24 vya pamba kwenye shamba la baba mdogo, kila kimoja mita 10 kwa 10. Vitalu vinane vilipata samadi, vinane mbolea ya dukani, vinane havikuwekwa kitu. Mpangilio ulikuwa wa bahati nasibu, kama tunavyofundishwa, ili rutuba ya upande mmoja wa shamba isipendelee kundi moja. Tulivuna, tukapima, nikajaza laptopu: safu ya kwanza namba ya kitalu, ya pili aina ya mbolea, ya tatu kilo. Nikarudi chuo, nikafanya uchambuzi. Matokeo: samadi haina tofauti yoyote na kutoweka kitu. Nikaanza kuandika sura ya nne kwa mbwembwe, eti nimegundua jambo jipya.

Likizo iliyofuata nikamwonyesha baba mdogo jedwali lililochapwa vizuri. Akavaa miwani, akalifuata kwa kidole mstari kwa mstari. Akasimama.

"Mwanangu, hapa kitalu cha saba mmeandika hakikuwekwa kitu?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi mwenyewe nilimwaga samadi pale. Toroli lilinasa kwenye kisiki, nikamwita mama yako mdogo aje tusukume."

Akaingia ndani, akatoka na daftari lake la kaunta. Kitalu cha 7: samadi. Kitalu cha 8: samadi vilevile. Jedwali langu lilisema vyote viwili havikupata kitu. Hapo jasho likaanza kunitoka.

Nitakueleza mwishoni nilikosea wapi. Kwanza nataka tujiulize: kwa nini mkulima wa Kasoli awe na daftari lake mwenyewe, wakati vipimo vyote viko kwa mtafiti? Jibu lake ni historia, na ni historia ambayo kila mwanafunzi wa sayansi anapaswa kuijua kabla hajafungua lahajedwali.

Mtu wa pili kwenye mizani

Enzi za Mwingereza, sehemu hizi zote zilikuwa ndani ya Jimbo la Ziwa. Mkulima alibeba pamba yake hadi dukani kwa mnunuzi binafsi. Mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyeisoma, ndiye aliyeandika, na ndiye aliyelipa. Mkulima alipewa alichoambiwa. Malalamiko ya kupunjwa yalienea kila kona ya Usukuma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walibuni dawa rahisi. Walijikusanya, wakachanga, wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kusimama penye mizani ya mnunuzi na kuhakiki uzito. Tazama kilichofanyika: namba moja, macho mawili, kumbukumbu mbili. Kutoka kwenye vikundi vya namna hiyo likakua vuguvugu la ushirika. Mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Kiongozi wake, Paul Bomani, baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Fedha.

Ushirika nao ulikuwa na safari yake ndefu. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Leo mkulima wa Kasoli anauza kupitia AMCOS, yaani chama cha msingi. Lakini ile desturi haikufa: mwenye pamba yake anaandika kilo zake kwenye daftari lake. Baba mdogo hakuwa ananishuku mimi. Alikuwa anafanya alichofundishwa na baba yake.

Mlango uliofungwa, na ubao wa Harvard

Sasa tuje kwenye kompyuta. Ya kwanza kufungwa Tanzania iliwekwa mwaka 1965, na unajua ilipelekwa wapi? Wizara ya Fedha. Kazi yake ilikuwa ileile ya karani wa pamba: kuandika namba, kujumlisha namba, kulipa watu. Mambo hayakwenda vizuri. Mashine zilikuwa ghali, zilikula fedha za kigeni, wataalamu walikuwa wachache, na hesabu zikavurugika. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Mlango huo ulikuja kulegea taratibu katika miaka ya 1980 na kufunguka vizuri miaka ya 1990.

Ukipenda kucheka, cheka, lakini angalia kilichotokea duniani wakati mlango wetu umefungwa. Mwaka 1978 kijana mmoja, Dan Bricklin, alikuwa anasomea biashara Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Darasani walitumia majedwali makubwa yaliyochorwa ubaoni. Ukibadilisha namba moja juu, unalazimika kufuta na kukokotoa upya kila namba inayoitegemea chini yake. Bricklin akawaza: vipi kama ubao wenyewe ungejua nani anamtegemea nani? Akashirikiana na rafiki yake Bob Frankston, na mwaka 1979 wakatoa programu iliyoitwa VisiCalc kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Ilikuwa na safu wima 63 na safu mlalo 254 tu. Ndiyo lahajedwali la kwanza la kompyuta ndogo.

Wazo lao ndilo moyo wa kila kitu unachofanya leo. Kila kisanduku, au seli, kinaweza kubeba namba yenyewe, au fomula inayosema namba hii itoke wapi. Badilisha chanzo, na vyote vinavyokitegemea vinabadilika. Watu walinunua kompyuta nzima kwa sababu ya programu hiyo moja. Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3 ikaipiku. Mwaka 1985 Excel ikatoka, kwanza kwa ajili ya Macintosh, na mwaka 1987 ikaja ya Windows. Sisi tulizipokea zote kwa pamoja, kwa kuchelewa, mara nyingi bila mwalimu.

Hata hivyo hatukukaa tu tukipokea. Mwaka 2004 wanaisimu na wanakompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice: kichakata matini na lahajedwali kwa Kiswahili, bure kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia Kiswahili hakiwezi kufungua faili, kuhifadhi na kuchapa, mwambie kilishafanya hivyo zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Kosa dogo, madhara makubwa

Kama umeshaanza kunidharau kwa kosa langu la Kasoli, ngoja nikupe majina makubwa kuliko langu.

Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala kuhusu madeni ya nchi. Walionyesha kwamba deni la serikali likivuka asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi kwa wastani unasinyaa kidogo, asilimia 0.1 chini ya sifuri. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliitumia kutetea kubana matumizi. Baadaye Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamili na uzamivu kama sisi, alipewa zoezi darasani la kurudia matokeo ya makala iliyochapishwa. Akashindwa kuyapata. Akaomba lahajedwali lenyewe, akalipata. Kumbe fomula ya wastani iliishia mapema: nchi tano kati ya 20 hazikuguswa. Yeye na walimu wake waliporekebisha hilo pamoja na maamuzi mengine ya uchambuzi waliyoyapinga, wastani ukawa ukuaji wa asilimia 2.2. Tuseme haki: kosa la fomula lilikuwa sehemu ndogo ya tofauti hiyo, nyingine ilitokana na namna ya kupima na kuchagua takwimu. Lakini bila faili kufunguliwa, hakuna ambaye angeona lolote.

Njoo kwenye biolojia. Kuna jeni ziliitwa MARCH1 na SEPT2. Ukiandika hivyo kwenye Excel, yenyewe inajiona ina akili: inadhani ni tarehe, inageuza kuwa Machi mosi na Septemba 2. Utafiti wa mwaka 2016 ulikuta takriban makala moja kati ya tano, miongoni mwa zilizoambatisha orodha za jeni kwa Excel kwenye majarida makubwa, ilikuwa na makosa ya aina hiyo. Wanasayansi walipambana kwa miaka, mwisho wakasalimu amri. Kufikia mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilikuwa imeyabadilisha: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Yaani, programu ya ofisini imewalazimisha wanabiolojia kubadili majina ya jeni!

Na mwaka huohuo wa 2020, katikati ya janga la Uviko, idara ya afya ya umma ya Uingereza iligundua kwamba visa 15,841 vya maambukizi havikuingia kwenye ripoti za kati ya Septemba 25 na Oktoba 2. Sababu? Takwimu zilipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo mwisho wake ni safu mlalo 65,536. Zilizozidi zilikatika kimyakimya. Watu waliokuwa karibu na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa.

Makosa haya matatu yana undugu. Programu haikulia, haikuonyesha rangi nyekundu, haikuzima. Ilitoa jibu, na jibu lilikuwa na sura ya ukweli.

Nilikosea wapi

Turudi Kasoli. Siku ile nilitaka kuona makundi matatu ya mbolea yakiwa pamoja. Nikachagua safu ya pili peke yake, nikabonyeza kupanga kwa alfabeti. Programu ikaniuliza kama nataka kupanua uteuzi ili safu za jirani ziende pamoja, au niendelee na safu hiyo tu. Sikusoma. Nikabonyeza tuendelee.

Umeona? Majina ya mbolea yalihama, kilo zikabaki zilipo. Kitalu cha 1 hadi cha 8 vyote vikawa "bila mbolea", cha 9 hadi cha 16 vikawa "mbolea ya dukani", vilivyobaki "samadi". Nilikuwa nalinganisha upande wa juu wa shamba na upande wa bondeni, si mbolea na mbolea.

Na jambo lililonilaza usingizi ni hili: nilikuwa nimehakiki. Nilijumlisha kilo zote, nikalinganisha na jumla niliyoiandika shambani, ikawa ileile. Bila shaka iwe ileile! Hakuna kilo hata moja iliyopotea, kila moja ilikuwa tu imepewa mwenye siye. Jumla inakwambia kama kuna kitu kimepungua. Haikwambii kama kila kitu kiko kwa mwenyewe. Hilo linahitaji mtu wa pili mwenye daftari.

Niliporudishia mpangilio sahihi, samadi iliongoza dhidi ya vitalu visivyowekwa kitu. Fikiria kama ningepeleka ripoti ile kijijini: mtafiti msomi anawaambia watu wa Kasoli kwamba samadi ya ng'ombe wao haina faida. Wangeniamini, kwa sababu ilikuwa imechapwa.

Mambo ya kufanya kuanzia leo

Haya, chukua kalamu. Hizi ndizo kanuni ninazofuata sasa.

Kwanza, faili la takwimu ghafi haliguswi. Lihifadhi, litengenezee nakala, fanya kazi kwenye nakala. Nakala nyingine iwe nje ya laptopu yako: fleshi, barua pepe, popote. Na picha za kurasa za daftari la shambani ziwe humo humo. Simu yako inatosha.

Pili, mstari mmoja ni kipimo kimoja, safu moja ni aina moja ya taarifa. Kipimo cha uzito kiandike kwenye kichwa cha safu, mfano "kilo", si ndani ya seli. Ukiandika "7.5 kg" kwenye seli, kwa kompyuta hayo ni maneno, na haitayajumlisha.

Tatu, usipange safu moja. Chagua jedwali zima ndipo upange. Na kila mstari uwe na namba yake ya utambulisho ya kudumu, kama kitalu namba 7, ili hata vikichanganyika uweze kuvirudisha. Afadhali zaidi, namba hiyo na aina ya mbolea viwe kitu kimoja, mfano 07-samadi, visiweze kuachana.

Nne, kuwa macho na tarehe. Sisi tunaandika siku kwanza, Wamarekani wanaandika mwezi kwanza. Kwenye kompyuta iliyowekwa mtindo wa Kimarekani, 05/06/2023 uliyoandika kwa maana ya Juni 5 itasomeka Mei 6, na 13/06/2023 itabaki kuwa maneno tu kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Msimu wa pamba unaanzia kwenye miezi hiyohiyo, kwa hiyo kosa halitaonekana kwa macho. Andika mwaka kwanza: 2023-06-05. Hakuna wa kukubishia.

Tano, hesabu idadi, si jumla tu. Ukiwa na vitalu 24 kuanzia mstari wa 2 hadi wa 25, andika =COUNT(C2:C25) na lazima upate 24. Ukipata 23, kuna seli imejificha kama maneno au ipo tupu. Na bonyeza fomula zako moja moja uone zinaanzia na kuishia wapi. Wale maprofesa wawili walipungukiwa na mistari mitano tu.

Sita, ni ya kuandika ripoti. Mwaka 1964 IBM walitoa taipureta iliyohifadhi maneno kwenye utepe wa sumaku, na toka hapo lengo la kichakata matini limekuwa moja: usirudie kuchapa kitu kilekile. Sasa wewe unaandika "Jedwali 4.3" kwa mkono, unabandika orodha ya yaliyomo kwa kubonyeza nukta nukta hadi mwisho wa mstari, msimamizi anakwambia uongeze jedwali moja katikati, usiku mzima unahesabu upya. Kwa nini? Tumia mitindo ya vichwa vya habari iliyomo ndani ya programu, weka manukuu ya majedwali kwa amri yake, na yaliyomo yatajipanga yenyewe. Ni lile lile wazo la Bricklin: kitu kimoja kikibadilika, vinavyokitegemea vijibadilishe. Na kama huna fedha za leseni, LibreOffice ni bure na inafanya yote haya.

Saba, na hii ndiyo kubwa: tafuta mtu wa pili. Mpe faili mwenzako wa darasa, mwambie achague mistari mitano bila kukwambia, ailinganishe na daftari. Dakika kumi tu. Wakulima wa miaka ya 1950 walichanga fedha zao kumlipa mtu wa kazi hiyo. Wewe utamnunulia soda.

Siku nilipomaliza kurekebisha, nilimpelekea baba mdogo jedwali jipya. Akalifuata tena kwa kidole, taratibu, mistari yote 24, daftari likiwa wazi pajani. Kwenye kitalu cha saba akatulia, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea. Kwenye kitalu cha 19 akasimama tena.

"Hapa umeandika 9.6. Mimi nina 6.9."

Tukaenda kuangalia picha ya ukurasa wa shambani kwenye simu. Safari hii aliyegeuza namba alikuwa yeye. Akacheka, akachukua kalamu, akakata, akaandika 9.6 pembeni na tarehe ya siku ile. Hakufuta. Alikata kwa mstari mmoja, namba ya zamani ikiwa bado inasomeka.